Vita vya Seline na Udongo Mweusi wa Katito

Sogeeni, enyi watu wa Katito, na ninyi wa Pap Onditi mlio na masikio mapana kuliko mashamba yenu, na ninyi mnaongoja gari la Kendu Bay huku mkitafuna miwa! Tueni mizigo, fungeni mbuzi, nyamazisheni watoto, mnisikilize mimi, mwandishi ambaye kutoka daraja la Sondu hadi ufuo wa ziwa hajazaliwa wa kumshinda kwa kalamu, niliyesoma mpaka darasa la saba. Kusema kweli ni la sita. La saba nilifika mlangoni, nikalifagia, mwalimu akaniambia niende nyumbani nikaolewe. Lakini mfagia darasa huokota mengi, na haya ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu mawili, moja likiwa zima kabisa.

Nasimulia vita. Msifikirie vita vya mikuki, wala vile vya kampeni za uchaguzi ambavyo watu hupigania fulana. Hivi ni vita vya Seline, binti wa nyumba za reli za Kisumu, mshika jembe asiyejua kurudi nyuma, alipoutangazia uadui udongo wa dala yetu, yaani boma letu, mwaka ule gugumaji lilipoziba ziwa, ili ua lipate mahali pa kusimama.

Chanzo chake, kama chanzo cha vita vyote, kilikuwa maneno baada ya ibada. Juu ya meza ya kanisa letu yalisimama maua ya plastiki, yaliyokuja zamani kanisa lilipoezekwa mabati. Yalikuja mekundu kama upanga wa jogoo. Jua la dirishani likayalamba na kuyalamba, mpaka yakawa na rangi ya ufizi. Juu yao alitawala Mama Dorca, mwenyekiti wa akina mama, jemadari wa vitambaa vya meza, mwanamke ambaye akikohoa kwaya nzima hutafuta ufunguo wa sauti. Siku hiyo Seline, aliyeolewa kwetu muda si mrefu, akasimama mbele ya akina mama wote na kusema:

"Mama mwenyekiti, Mungu aliyeumba maua hai, akiyaangalia haya ya plastiki anasema nini?"

"Anasema asante," Dorca akajibu, "kwa maana hayanyauki na hayaulizi maswali."

Benchi zikatikisika kwa kicheko. Seline akapandwa na ushujaa, ugonjwa ambao huwapata vijana na hauna sindano. "Basi sikieni nyote! Sikukuu ya mavuno itakapofika, meza hii itabeba maua hai, yaliyoota katika udongo wa dala ya mume wangu."

"Udongo wa wapi? Wa kwa kina Tom?" Dorca akashika kiuno. "Ule wa kufinyanga vyungu? Haya, mama. Yakija, mimi mwenyewe nitayabeba haya ya plastiki nje. Yasipokuja, utayaosha kwa sabuni kila Jumamosi, jani kwa jani, mpaka atokee mjinga mwingine wa kuahidi."

Mjinga aliyekuwapo kazini wakati huo, mama mmoja aitwaye Elsie, aliinua mikono mbinguni na kulia kwa furaha.

Sasa niwajulishe adui. Udongo wetu ni mweusi, na moyo wake ni mweusi zaidi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo kifaranga akitumbukia mama yake humlilia hapohapo bila kungoja maiti. Mvua ikinyesha hugeuka gundi: unaingia na viatu viwili, unatoka na kimoja na sala. Kiatu changu cha kushoto kimelala humo tangu mwaka niliokuja kuolewa, na hadi leo hakijafanyiwa matanga. Mtama huota humo kwa ukaidi, mahindi huota kwa kubembelezwa, lakini ua, kiumbe mwenye shingo nyembamba na mizizi ya adabu, akitiwa humo hufa akiwa ameshangaa.

Shambulio la kwanza la Seline lilikuwa la mchanga. Aliubeba kutoka mtoni karai baada ya karai, akaumwaga juu ya adui, akamwaga maji, akaukanyaga kwa miguu yake miwili huku akiimba wimbo wa vijana. Jua likawaka, na tazameni hila za adui: alikuwa amejigeuza tofali moja refu, gumu kama shingo ya diwani. Mpita njia akasimama uani akaligonga kwa fimbo, likalia *ngo, ngo*. "Shemeji," akauliza, "hiki ni choo au ni jiko?"

Shujaa mwingine angeweka silaha chini. Seline aliingia ndani, akanywa chai bila maziwa, akatoka na mpango wa pili, nao ulikuwa samadi.

Hapa lazima nimlete Awuor, nanyi mkae vizuri, maana huyu si mtu wa kuletwa mtu akiwa amejilaza. Awuor ndiye mama mkwe wa Seline, mama yake Tom. Ndiye mikayi, yaani mke wa kwanza wa marehemu mume wetu. Nasema mume wetu kwa sababu mimi nilikuwa wa pili. Awuor mlinzi wa mbegu, Awuor mwenye ufunguo wa ghala, Awuor ambaye ng'ombe dume wakimwona hujipanga mstari. Tom alikuwa akifanya kazi Kisumu na kuja mwisho wa mwezi na mkate; dala ilikuwa ya mama yake. Seline alipokaribia zizi na karai, alimkuta amesimama langoni kama nguzo ya simu.

"Unatafuta nini, nyar Kisumu?" Hivyo ndivyo alivyomwita, binti wa Kisumu, hata mbele ya wageni.

"Samadi kidogo, Mama, ya kulainisha ardhi."

"Samadi ya dala hii ni ya kupaka nyumba. Ukuta wangu unangoja, wa nyieka huyu hapa unangoja" (hapo akanionyesha mimi, mke mwenzake) "na wewe unataka kuipakaza ardhi? Ardhi inangojea wageni?"

Seline akarudi nyuma kwa mpangilio mzuri, kama jeshi lenye akili, akaelekea sokoni Katito. Huko palikuwa na punda wa kubeba maji, mali ya bwana mmoja aitwaye Wakhisi. Binti wa nyumba za reli akamfuata punda yule kutoka kisimani hadi hotelini, kutoka hotelini hadi kwa kinyozi, koleo mkononi, karai kichwani, uso umetulia kama wa mtu anayemsindikiza askofu.

"Mama," Wakhisi akashindwa kuvumilia, "unamfuata punda wangu ana nini?"

"Ninangoja."

"Unangoja nini?"

"Yeye anajua."

Naye punda, mnyama muungwana kuliko wengi walioketi sokoni siku hiyo, hakumwaibisha.

Kisha Seline akashuka ufuoni. Gugumaji lilikuwa limefunga ziwa kama blanketi; lilishinda serikali tatu na mashua zao, likawafungia wavuvi nchi kavu wakicheza ajua, bao la kwetu. Seline akawaomba mateka. Wakampa kwa shangwe, mkokoteni mzima, na mmoja akamwambia, "Chukua, mama, na kesho uje na lori, na kesho kutwa uje na jeshi la maji." Akaongeza majivu ya majiko yetu, makapi ya mpunga kutoka Ahero, na mwisho silaha nzito kuliko zote: chenga za omena, dagaa wa ziwani, zile zinazofagiliwa chini ya meza za wauzaji jua linapotua, ambazo harufu yake humfikia mtu kabla ya salamu.

Akarundika vyote mahali pamoja, akafunika kwa majani ya migomba, akanyunyiza maji, akangoja. Paka wa Nyakach nzima wakapokea habari. Walikuja wawili wawili, wakakaa kuzunguka lundo kama wazee wanaongoja kukaribishwa. Lundo likapata joto. Asubuhi likafuka moshi mweupe, likatoa mvuke na harufu ya kitu kinachochacha, na hapo ndipo serikali ilipoingia vitani, kwa maana jirani mmoja mwenye nia njema alikwenda kunong'oneza kwamba kwa mikayi Awuor sasa wanapika chang'aa, pombe ya marufuku.

Naibu wa chifu akafika na askari wake, suruali zimechomekwa kwenye soksi. "Usiguse chochote!" akanguruma. "Mtungi uko wapi?"

"Hakuna mtungi, mkubwa. Ni chakula cha maua."

"Maua yanakula?" Akawageukia askari. "Mmesikia? Maua yanakula! Chimba!"

Akachimba askari mmoja kwa rungu, kwa nguvu zote za katiba, na rungu lilipotoka lilikuwa limevaa vichwa vya omena kama kofia. Naibu akainama, akavuta pumzi moja, moja tu, na sheria ikaondoka dalani ikiwa imeshika pua. Paka wakawasindikiza hadi barabarani.

Baada ya muda wa kugeuza na kungoja, kungoja na kugeuza, Seline alilivunja lile tofali kwa mtaimbo, akachimba chini hadi kiuno, akachanganya adui na dawa, akainua tuta refu kama kaburi la chifu. Enyi wenzangu! Nilitia mkono humo. Ulikuwa udongo wa kuvunjika vidoleni kama mkate wa Krismasi, mweusi wa kung'aa, wenye nyungunyungu wanene wanaotembea kwa maringo ya watu walioajiriwa. Hata Awuor alipita hapo, akasimama, akaubonyeza kwa kidole gumba cha mguu. Akaubonyeza tena. Akaniona namwangalia.

"Uchafu," akasema, akaenda zake.

Mvua za Machi zikapiga bati. Seline akatoka na leso yenye fundo, na ndani ya fundo zilikuwamo mbegu za zinia, yale maua ya kujaa kama sahani, mekundu, ya manjano, ya pinki, ambazo baba yake alimtumia kutoka Kisumu. Alikuwa amepiga goti, kidole kimeshatoboa shimo la kwanza, sauti ilipotoka jikoni kama baragumu.

"Nyar Kisumu! Toa kidole!"

Na hapa, ninyi mliolelewa mjini, mjue desturi. Katika dala yetu mbegu haiingii ardhini kabla mikayi hajatangulia. Awuor akishatia mbegu yake, ndipo mimi nifuate, ndipo wake za wana wafuate. Anayeruka foleni hii huita chira, laana ile ya kukonda mtu akiwa anakula. Awuor alikuwa ameshapanda mtama, ameshapanda mahindi. Lakini ua, alisema, hajapanda.

Akaitwa Mzee Dalmas, shemeji yetu, mdogo wa marehemu, mtu wa hukumu ndefu. Akaketi, akasafisha koo kwa muda unaotosha kuchemsha yai.

"Mzee," Seline akaanza, kwa sauti ya kutetemesha kuku, "mbegu ni kitu cha kuingia chunguni. Mtama ni mbegu, maharagwe ni mbegu. Ua haliliwi, haliuzwi, halisagwi. Je, desturi ya wakuu wetu ilitungwa kwa ajili ya kitu ambacho hakina hata kijiko?"

Awuor akainuka taratibu. "Mimi sikwenda kwa nyumba za reli kufundishwa maneno. Nauliza mawili tu. Kinatiwa ardhini?"

"Kinatiwa," akasema Mzee.

"Kinaota?"

"Kwa hapa kwetu ni kwa bahati, lakini kinaota."

"Basi ni mbegu. Nimekaa."

Mzee Dalmas akaangalia angani, akaangalia chai iliyokuwa inakuja. "Nahukumu. Ua ni mbegu. Mikayi atangulie. Sasa mikayi, tia moja tu pale kwenye tuta, mtoto afuate, tunywe chai."

Awuor akainua mkono wake wa kulia, mkono uliokaza kama mzizi. "Mkono huu umepanda vitu vya kulisha watu tangu wewe Dalmas unakimbia uchi. Haujapanda kitu cha kutazamwa, na hautapanda! Siku mtakayoona ua nililopanda mimi, niiteni mwongo mbele ya kanisa!"

Chai ikanywewa hivyohivyo. Seline, mshika jembe, mshindi wa tofali, mfuasi wa punda, akasimama pale na leso yake, machozi yakamjaa, akaibwaga chini karibu na jiko la mama mkwe, akakimbilia ndani. Jioni alitoka kuitafuta. Leso ilikuwapo, imekunjwa. Mbegu zilikuwa chache mno.

"Kuku wamekula," Awuor akasema bila kuulizwa.

Wiki zikapita, tuta likakaa tupu. Hakuna kitu cha kusikitisha kama udongo mzuri usio na kitu. Ni kama kitanda kilichotandikwa na mgeni hakuja. Seline akapalilia utupu ule kila asubuhi. Kanisani Dorca akaanza kumwuliza kama anapenda sabuni ya mche au ya unga. Nami nikaanza kuona mambo, kwa lile jicho langu zima. Pembe moja ya tuta ikawa inazama. "Kuku," akasema Awuor. Karai letu kuukuu lililotoboka likapotea. "Wezi," akasema. Kisha akatangaza kwamba nyuma ya jiko lake ameonekana nyoka mkubwa mweusi, na mtu yeyote asipite huko. Sisi sote tukatii, maana nyoka si mtu wa kubishana naye. Ila kila asubuhi nilimwona Awuor akienda huko na jagi la maji.

"Mikayi," nikamwuliza, "nyoka anaoga?"

"Wewe mwanamke," akaniambia, "ulizaliwa ulimi kwanza, mwili ukafuata baadaye."

Ikafika Jumamosi, kesho yake ndiyo sikukuu ya mavuno. Mama Dorca akaja dalani mwenyewe, akiwa amevaa kofia ya Jumapili siku ya Jumamosi, beseni kichwani; na ndani ya beseni, enyi mioyo migumu, yalilala maua ya plastiki na kipande kipya cha sabuni.

"Seline binti yangu," akasema kwa huruma iliyopakwa mafuta, "nimekuletea kazi yako. Haya mekundu yasugue polepole, yana uzee."

Seline akanyoosha mikono apokee. Akaiangalia ile mikono yake, yenye malengelenge ya mtaimbo na koleo. Hapo paka akapita kati yao, mkia juu. Akafuata mwingine. Akafuata wa tatu, mkubwa, mwenye sikio moja. Wote wakakata kona kwenda nyuma ya jiko la Awuor, kwa nyoka, bila hofu yoyote, wakiwa na nyuso za watu wanaokwenda karamuni.

Seline akavuta hewa puani. Akamvuta Dorca kwa mkono, beseni na yote. Mimi nilikuwa nimeshatangulia.

Na pale, nyuma ya jiko, mahali ambapo tangu wazee wetu waje katika nchi hii pameota upupu tu na vigae vya vyungu, ndani ya karai lililotoboka, katika udongo mweusi unaong'aa wenye vichwa vya omena, yalisimama maua ya zinia! Mekundu, ya manjano, ya pinki, mapana kama sahani za harusi, shingo wima, nyuki juu yao kama maharusi wamekuja na bendi! Na waandike wenye kuandika vitabu vya historia, na wafute kurasa za vita vingine wapate nafasi: Jumamosi ile udongo wa Katito ulisalimu amri, kwa jembe la mwanamke mmoja na tumbo la punda mmoja.

Awuor akatokea na jagi. Alipotuona, maji yakamwagika mguuni, naye hakusogea.

Seline akapiga goti mbele yake, kwa heshima kamili, na kusema: "Mama yangu, mikayi wa dala hii, mlinzi wa mbegu, nisikilize. Kama maua haya umeyapanda wewe, basi mkono wako umetangulia, na leo hii nitatia zangu zilizobaki katika tuta langu, bila chira. Kama hukuyapanda, basi ni magugu, na kazi ya mke wa mwana ni kumpalilia mama mkwe wake. Sema neno moja tu."

Awuor akamwangalia Dorca. Akakumbuka kiapo chake, na kanisa, na Mzee Dalmas.

"Ni magugu," akasema. "Hata jina lake sijui."

"Yamejipanga safu mbili," nikasema mimi.

"Magugu ya siku hizi yamesoma."

"Na njiti hizi za kuyashikilia?" akauliza Dorca.

"Upepo."

"Upepo ndio umeyafunga kamba, mama? Kwa fundo la leso?"

"Upepo wa ziwani una mikono, kwani wewe hujui?"

"Ahsante, Mama," akasema Seline. "Basi napalilia." Akachomoa kisu mkandani mwa leso ya kiunoni. Akakata ua la kwanza, la manjano, akaliweka taratibu juu ya yale ya plastiki. Akakata la pili, la pinki. Awuor akasogea hatua moja karibu na karai. La tatu, la nne. Mikayi akageuza uso, akaurudisha. Kisha kisu kikasogea hadi lile la katikati, jekundu, kubwa kuliko yote, lililofungiwa njiti mbili, na makali yakagusa shingo yake.

"Aa, yawa! Acha hilo!" Jagi lilikuwa chini, na Awuor alikuwa amelikumbatia karai kwa mikono yote miwili. "Hilo la katikati usiguse! Hilo nimeliweka la mbegu!"